Shimo Nyuma ya Banda

Miaka kumi na tisa nimemwaga hapa.
Injini ikija inakohoa kutoka Kagunga,
naifungua, naikamua, na oili yake nyeusi
naipa ardhi, kama mtu atemavyo mate njiani
bila kutazama yamemwangukia nani.
Kibirizi nzima ilifanya hivyo.
Huo si utetezi. Ni hesabu tu.

Mvua ya Machi ilinitangulia ziwani:
asubuhi nakuta utando juu ya maji,
rangi zote za duka la khanga,
na wanawake waoshao dagaa wamesogea mbele
hatua ishirini, bila kuniambia neno.
Ishirini. Nilizipima usiku, peke yangu.

Kisha akaja Anzuruni wa Ujiji,
mtoto wa marehemu Tatu, mpika sabuni ya mawese,
na ndoo, na sepetu, na daftari lililolowa.
Nikamuuliza, dawa iko wapi?
Akachota udongo wangu mwenyewe, unaonuka gereji.
"Dawa imo humu. Ina njaa, ila imekabwa."

Nilicheka. Nani anakula oili?
"Wapo. Ukiwapanga elfu mstari mmoja
hawavuki upana wa ukucha wako.
Walikuwepo kabla ya banda lako,
wewe ukawamwagia karamu,
bila hewa, bila mboga.
Ugali mtupu, fundi.
Nani anaweza ugali mtupu miaka kumi na tisa?"

Basi tukatafuta mboga.
Samadi ya Ntibakunze wa Mwandiga, magunia saba
(alitaka kujua tunalima nini, tukakosa jibu).
Pumba za mpunga, udongo upate kuvuta pumzi.
Maji ya kuoshea dagaa waliyaleta wenyewe wale wanawake,
na mmoja, akiweka ndoo chini,
alinitazama machoni kwa muda mrefu.

Kila Jumamosi tunageuza.
"Mama alikuwa akisema," Anzuruni ananiambia, jasho likimtoka,
"maji na mafuta ni mawifi,
hawakai chumba kimoja mpaka aje wa kuwasemesha.
Sabuni ndiye mshenga.
Na hawa wadogo wanaipika yao wenyewe,
bila chungu, bila kuni,
bila majivu ya maganda ya ndizi."

Mwezi wa kwanza, kimya.
Wa pili, nikatia mkono nikautoa haraka:
lile tuta lilikuwa na joto, kama paji la mtoto mwenye homa.
Wa tatu, akatikisa chupa mbele ya macho yangu.
Mafuta, yaliyozoea kuelea juu kama bwana mkubwa,
yakavunjika punje punje, yakapotea ndani,
maji yakawa mazito kama togwa.
Sikusema kitu. Nilikwenda kukaza nati ambayo ilikuwa imekazwa.

Wa sita, baada ya manyunyu,
nilinusa. Udongo ulinuka udongo.
Sikujua kwamba nilikuwa nimesahau.

"Usishangilie," akasema.
"Ile lami nzito wameiacha, kama mifupa sahanini.
Na risasi ya injini kuukuu haina mlaji,
si hawa, si wengine."
Sehemu ile tuliichimba, tukaifunga kwenye mapipa mawili.
Mapipa yapo. Tumeandika barua.
Kuku wanalala juu yake.

Bado nafungua injini.
Oili sasa inaingia kwenye dumu,
na dumu likijaa, kwa kweli, sijui.
Wanawake wamerudi hatua kumi na mbili.
Nane zimebaki; sizidai.

Jana nilikunjua viganja vyangu, ile mistari meusi
ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa,
nikamuuliza, nusu kwa mzaha,
hao wako, huku hawawezi kuja?

Hakuinua kichwa kwenye daftari.
"Fundi, ongeza maji upande ule.
Pamekauka."